Mfuo Mmoja wa Ngano

Kila mwaka wageni huuliza swali lile lile: tuje lini? Nasi wa huku milima ya Kamies, Afrika Kusini, tunajibu kama kasuku. Njooni mwisho wa Agosti, kama mvua ilinyesha Mei. Msije alfajiri, maua hayajaamka. Njooni jua likishapanda, mlipe jua mgongo, kwa sababu maua yanalitazama jua, na mkisimama upande mwingine mtaona visogo tu. Siku ya mawingu laleni. Na msichelewe, maana upepo wa moto wa mashariki ukivuma hauna adabu. Yote hayo ni kweli. Lakini Abner Beukes angeulizwa yeye, angesema: njooni Mei, na mje na plau. Ndiyo maana hakuna aliyemwuliza.

Kuna jambo ambalo wageni hatuwaambii. Lile zulia la rangi ya chungwa wanalolifuata kutoka mbali kote huko halioti popote tu. Juu mlimani, kwenye ardhi isiyoguswa, maua yapo, ya kila aina, lakini moja hapa, moja pale, na picha haijai. Maua yanayojaza picha huota pale mtu alipolima, akashindwa, akaacha. Ukiona chungwa tupu kutoka barabarani hadi kwenye mawe, ujue hapo kuna mtu alikata tamaa.

Na shamba lililopendeza kuliko yote kijijini kwetu lilikuwa la Abner.

Baba yake alilima ngano pale, na babu yake kabla ya hapo. Kisha ukaja ule ukame. Mwaka wa kwanza Abner alipanda akavuna mabua. Wa pili alipanda akavuna vumbi. Wa tatu aliila mbegu. Baada ya hapo plau ikaegemezwa ukutani, kuku wakataga chini yake. Mkewe Magrieta alikufa katikati ya shida hiyo, vijana wao wawili wakaenda Cape Town na hawakurudi ila kwa mazishi. Akabaki na binti yake Drieka, na maua.

Basi mwaka ninaousimulia, Mei ilinyesha mvua ya kweli, mvua ya kulowesha ardhi mpaka chini, ambayo watoto wetu wengine walikuwa hawajawahi kuiona. Abner akauza kondoo wake wawili wa mwisho, akanunua gunia la mbegu. Akaipaka plau mafuta, akawafunga nira punda wake, Kanali na mwenzake, wote wazee kama yeye.

Jirani yake Gerson akamwona akipita. "Mzee Abner! Hao punda ndio watakaovuta, au utawavuta wewe?"

"Wewe cheka tu. Desemba utakuja kuomba unga."

"Nitakuja! Lakini nitaanzia kwenye matanga yako, maana kabla ya jioni utakuwa umekata roho."

Abner akacheka, jambo ambalo hatukulizoea. Maskini, siku hiyo alikuwa na furaha. Alijua fika kwamba asipolima mwaka huo hatalima tena. Miguu ilikuwa imeanza kumwambia, na punda pia.

Alikwenda mfuo mmoja, kutoka barabarani mpaka kwenye mawe. Udongo ukafunguka mweusi na kutoa ile harufu yake. Akarudi nyuma akidondosha mbegu kwa mkono na kuzifukia kwa mguu. Alipogeuza punda aanze wa pili, Drieka akaja mbio, aproni kiunoni, unga mikononi.

"Baba, simama! Unaua maua!"

"Maua gani? Tuko Mei."

Drieka akachutama, akamwonyesha. Chini kulikuwa na majani madogo ya kijani, mengi, yamebanana. "Haya hapa. Yameshaota."

"Haya ni magugu. Bibi yako aliyang'oa maisha yake yote."

"Bibi hakuwa na wageni. Baba, nisikilize. Nimewajengea nyumba ya mikeka uani, wapate kulala. Kina mama wote wanaooka mikate ya makaa wanalitegemea shamba hili, kwa sababu ndilo lililo barabarani, ndipo magari yanaposimama. Ukililima, watapita tu. Tutakula nini?"

"Ngano."

"Ngano yako itatulisha mpaka lini? Na hiyo ngano, baba, utaivuna na nani?"

Hapo alimkata maini. Sisemi Drieka alikuwa mkatili. Alikuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi. Lakini kuna maneno yakishatoka hayarudi, na Abner aliiachia plau. Wana wake walikuwa Cape Town. Miguu yake ilikuwa imechoka kwa mfuo mmoja tu. Akawafungua punda.

Jioni akamburuzia Drieka lile gunia mpaka mlangoni. "Lisage," akasema. "Mbegu isiyopandwa ni unga tu."

Drieka akalisaga, akaliweka kwa ajili ya mikate ya wageni.

Agosti ikafika, na maua yakaja kwa fujo. Wazee walisema hawajaona mfano wake. Magari yakapanga foleni, wageni wakalia machozi, wakapiga magoti, wakapigana picha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na kweli kina mama walianza kupona. Abner hakuja barabarani. Kila asubuhi, maua yakiwa bado yamejifumba, alizunguka kwa nyuma, upande wa mawe, akaingia kwenye mfuo wake. Ngano ilikuwa imeota! Mstari mmoja wa kijani katikati ya chungwa lote lile. Ikamfika gotini. Ikatoa masuke. Aliminya punje moja kati ya kucha mbili, ikatoa maziwa, akailamba. Alimwambia Gerson kwamba ataivuna kwa kisu, asage kwa jiwe, apate mkate mmoja. Mkate mmoja tu wa shamba lake, kisha Mungu amchukue akitaka.

Siku moja likaja basi kubwa. Kiongozi wa msafara, bwana mmoja mwenye kofia pana, akasimama barabarani akakunja uso. Akamwita Drieka pembeni, akamwonyesha kwa kidole.

Abner alikuwa amekaa kwenye mawe. Akamwona binti yake akija polepole, akifuta mikono mikavu kwenye aproni.

"Baba..."

"Ni ule mstari?"

Drieka akainamisha kichwa. "Anasema unaharibu picha. Anasema kuna shamba jingine mbele huko, halina kitu katikati. Ana mabasi mengine wiki ijayo, baba. Nimeshamwomba. Hataki."

"Usilie mbele ya wageni," Abner akasema.

Akainuka. Akaingia shambani, akainama, akaanza kung'oa, shina kwa shina, kutoka kwenye mawe mpaka barabarani. Wageni wakampisha. Mama mmoja akampiga picha, akamwambia mwenzake kwamba mzee huyu anayapenda kweli maua yake. Nilikuwepo, nilimsikia. Nilitaka kumtukana, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa na mikate ya kuuza.

Punda waliila ile ngano, ikaisha mara moja.

Kabla ya wiki ile nyingine kufika, upepo wa mashariki ukavuma. Siku mbili tu. Maua yakageuka makaratasi, kisha vumbi. Yule bwana akapiga simu: mabasi hayaji. Drieka akaja kwa baba yake na kapu la mikate iliyokwisha kuokwa, akakaa kizingitini.

"Ngano ingestahimili, baba?"

Abner akalitazama shamba. "Labda. Labda ingekauka nayo. Sasa hatutajua."

Drieka akalia. Alipomaliza, akasema lililokuwa limebaki, kwa sauti ndogo: yule bwana ameahidi kurudi mwakani. Ameuliza kama kijijini hakuna kitu cha kizamani cha kuwekwa katikati ya maua, wageni wakipige picha.

"Plau ipo," Abner akasema.

Aliwafunga punda mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Akaivuta mpaka katikati ya ule mfuo, akaisimamisha, akawafungua, akarudi nyumbani nyuma yao bila kugeuka. Hakuishi kuyaona maua ya mwaka uliofuata.

Plau iko palepale. Njooni mwisho wa Agosti, jua likishapanda. Mlipe mgongo.