Mita Mia Huanza kwa Magoti

Katika Migwani yote, mwalimu wa michezo mwenye diploma kutoka Havana alikuwa mmoja tu, nami ndiye. Nasema bila aibu, maana hakuna mjomba aliyenisukuma. Nilifika Kuba kwa akili zangu, nikajifunza Kihispania kwa kuchekwa, na niliporudi, miaka ya themanini, walimu wenzangu waliniita Mkuba. Sikulikataa jina hilo.

Kule nilifundishwa na bingwa wa mita mia, mama mweusi kama sisi, binti wa wakata miwa. Alikuwa ameshastaafu, goti limeharibika. Alitusimulia kwamba ujanani alikuwa na mbio kuliko wote lakini alichelewa kuondoka mstarini, kwa sababu aliona haya kuinama mbele ya watu. Haya hiyo ilimkosesha ushindi mkubwa wa kwanza. Basi akajifunza kuondoka tu, asubuhi na jioni, mpaka akawa bingwa wa nchi yake, kisha wa bara lao. "Mita mia," alituambia, "unazishinda ukiwa bado chini." Nimeliwaza neno hilo kuliko yote yaliyomo katika diploma yangu.

Shuleni nilimpata msichana wa kidato cha pili mwenye mbio za swala. Wengine walitaka akimbie mbio ndefu, ati ndizo za Wakenya. Mimi nilijua nilichokiona. Lakini nyanya aliyemlea, mama wa kanisa, alimkuta akifanya mazoezi ya kuondoka, mikono chini, makalio juu, akamtoa uwanjani. Mashindano ya wilaya pale Kitui yalikuwa wiki hiyohiyo, na bila ruhusa yake msichana hangekimbia.

Nilimwendea nyanya kwake, nikamkuta akipepeta mbaazi. Alisema kama huko Kuba wanawake huinua makalio mbele ya wakwe zao, hiyo ni shauri yao. Nikamsimulia maisha ya yule bingwa, pamoja na ile haya. Akaendelea kupepeta. Basi nikashuka vumbini na suti yangu ya Havana, nikamwonyesha, nikimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba.

"Susu, mbio hizi huanza kwa kupiga magoti."

"Na hilo la kuinua nyuma?"

"Wewe ukimaliza kuomba, huinuki?"

"Mimi huinuka kwa kichwa kwanza, mwalimu." Akacheka mpaka mbaazi zikamwagika. Kisha akasema msichana atakimbia, ila yeye mwenyewe atakuja kuyaona hayo maombi, na akiona aibu, mambo yataishia hapohapo.

Siku ya mashindano aliketi karibu nami. Wasichana walipoitwa wakapiga magoti, nyanya naye akainamisha kichwa, akafumba macho. Bastola ikalia. Alipofumbua, watu walikuwa wanapiga makofi, na mjukuu wake yuko mwisho wa uwanja, wenzake wakimfuata nyuma. Akaniuliza wataanza lini.

Nikamwambia wamemaliza, mjukuu wake ameshinda, na sasa anatakiwa Embu, kwenye mashindano ya mkoa.

Aliitazama kaptura ya msichana.

"Aende," akasema. "Lakini avae suruali ndefu."