Kuhesabu Moyo kwa Kijiko

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kusafisha thieta, yaani chumba cha upasuaji, katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Meru. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Kiambere, kule Mbeere, na cheti changu cha Fomu Foo, na sikuwa na mpango wa kukaa. Nilikaa karibu miaka miwili, jambo ambalo sijalirudia mahali pengine popote. Hadi leo nikinusa spiriti naona ukungu wa asubuhi kwenye madirisha ya thieta, na mzee wa usingizi akipasha mikono yake moto kando ya sufuria ya kuchemshia vyombo. Alisema si heshima kumshika mtu shingo kwa mikono baridi.

Mzee wa usingizi ndiye aliyewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Alikuwa mtu wa Embu, mpole, asiyependa kurudia neno. Mashine ya kuonyesha mapigo ya moyo ilikuwa imeharibika kabla sijafika, na ile ya presha ilikuwa ikivuja hewa. Kwa hivyo alikuwa amejitengenezea njia. Aliniita kutoka kwa ndoo yangu, nikanawa, nikashika kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa vidole vitatu. Kwa mkono wa kulia niligonga trei ya chuma kwa kijiko cha chai, mara moja kwa kila pigo la moyo. Yeye akiwa ameinama, macho yake ndani ya koo la mtu, aliufuata moyo kwa masikio.

"Wakati mbaya ni mrija ukipita kooni," alinifundisha. "Mtu amelala, lakini mwili wake haujalala wote. Ukigusa koo na chuma, moyo unatoka mbio na presha inapanda. Kwa kijana kama wewe si neno. Kwa mwenye moyo mgonjwa, huo ndio mwisho."

Ndiyo maana hakuwa na haraka. Aliacha gesi ya usingizi ifanye kazi kwa muda mrefu kuliko wengine walivyotaka, akapuliza dawa ya ganzi kooni, akangoja tena, halafu akapitisha mrija mara moja tu. Na alikuwa na sheria moja: kabla ya kuanza, moyo ukizidi mapigo mia kwa dakika, mgonjwa anarudishwa wodini.

Daktari wa kupasua alikuja mara moja kwa mwezi na alipenda kututania. "Mzee, leo kijana wako anapiga ngoma ya harusi ama ya matanga?"

"Ya kanisani, daktari. Ngoja."

Kulikuwa na mama mmoja kutoka mtaa wa Majengo, muuza chapati karibu na msikiti. Alikuwa na goita kubwa shingoni iliyoning'inia kama titi, nayo ilikuwa ya ile aina inayoukimbiza moyo. Alipewa vidonge vya kuutuliza, lakini duka la dawa la hospitali lilikuwa tupu nusu ya mwezi. Mara mbili alikuwa ameletwa thieta, mara mbili kijiko changu kikapita mia, na mara mbili nikamsukuma kurudi wodini akiwa macho, akitazama dari.

Asubuhi ya mara ya tatu nilimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani.

"Hukulala, mama?"

"Nalala hivi hivi, kama kuku. Nikilala chali hii kitu inanikaba. Huu ni mwezi wa nane sasa." Alinitazama. "Wewe ndiye wa kijiko?"

"Ndiyo mimi."

"Kiswahili chako kinakwaruza kama sufuria. Wewe ni wa wapi?"

"Mbeere."

"Basi sikiza, Mbeere. Leo msinirudishe. Sitaki uzuri, shingo hata ibaki na kovu. Nataka nilale chini kama watu. Mkinirudisha leo, sirudi tena. Dada yangu amechoka kunileta, na mimi nimechoka kuletwa."

Hakulia. Alisema kama mtu anayeagiza sukari dukani.

Kule thieta nilishika mkono wake ukiwa na jasho. Moyo ulikuwa ukikimbia chini ya vidole vyangu, kama mia na ishirini hivi. Daktari alikuwa amekwisha kunawa. Mzee alimshikia maski ya gesi usoni, akaniambia, "Haya."

Nikaanza kugonga. Sijui niliamua saa ngapi. Niligonga mara tatu, pigo la nne nikaliacha. Tatu, la nne nikaliacha, nikilainisha nafasi katikati ili isisikike. Haikuwa ngumu. Mzee alitazama saa ya ukutani dakika nzima.

"Tisini," akasema. "Tunaenda."

Mama alitamka Bismillahi ndani ya maski, akalala. Nilijiambia gesi ingeutuliza moyo kabla ya mrija. Ulipungua kidogo tu. Kisha mzee akafungua koo kwa chuma chenye taa, na chini ya vidole vyangu moyo ukapaa. Sikuweza tena kuacha pigo. Sikuweza hata kuyafuata yote. Kijiko kikawa kinatetemeka kwenye trei.

"Hiyo ni nini?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo hiyo, mzee."

Akamaliza kupitisha mrija, akaongeza gesi, akachoma sindano ya kutuliza moyo, ile moja tuliyokuwa nayo. Moyo ukarudi nyuma, ukaanza kuyumba, mapigo mawili pamoja kisha kimya, moja, kimya. Halafu sikusikia kitu. Nilihamisha vidole, nikabonyeza, nikahamisha tena. Daktari alimsukuma kifua hadi miwani yake ikaanguka. Kisu hakikuwa kimegusa ngozi.

Nilimtoa mimi. Alikuwa amelala chali, ametulia kabisa. Dada yake alikuwa kwenye benchi, na thamosi ya uji miguuni.

Mzee aliandika kwamba moyo ulishindwa. Hakuna aliyeniuliza habari za kijiko. Mwezi uliofuata niliondoka. Nimefunga miraa mjini Maua, nimebeba saruji, nimelinda mageti ya watu katika miji ambayo sasa naichanganya. Kila mahali nilikuwa nikikumbuka ile thieta kama nyumbani, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

Muongo huo ukielekea mwisho nilimwona mzee mjini Embu. Alikuwa ameacha kazi, analima kahawa. Tuliingia hotelini, na kabla chai haijaja nikamwambia kila kitu, hata lile pigo la nne.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono kwenye taya langu, pale hotelini, kama anayeshika maski. Kidole chake cha mwisho kilikaa chini ya mfupa.

"Hapa kuna mshipa," alisema. "Kila mgonjwa niliyemshika maski nilikuwa nausikia."

"Basi kijiko kilikuwa cha nini?"

"Mkono wangu mwenyewe naweza kuubishia. Nilitaka mtu mwingine wa kuniambia simama." Akaondoa kidole. "Siku ile nilijua unadanganya. Nikasikia tisini, nikashukuru. Hata mimi nilikuwa nimemrudisha mara mbili."

Chai ililetwa. Nilimwambia twende Meru, tumtafute dada ya yule mama, tumweleze.

"Tumweleze nini?" akauliza. "Kwamba watu wawili walimhurumia?"

Tulikunywa chai, tukaachana. Nimepita Majengo mara nyingi tangu siku hiyo, na chapati bado zinauzwa karibu na msikiti. Sijawahi kuuliza nyumba ya yule dada.