Waya wa Chumba cha Hooyo

Sikulazimishi uamini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Garissa, naswali, sitafuni miraa, na nilichokiona nilikiona mchana, jua likiwa utosini, katika ua wa nyumba yangu mtaa wa Waberi. Ingekuwa ni hadithi ya kutunga, ningeimaliza vizuri zaidi.

Mume wangu, Bare, anafanya biashara ya mifugo na muda mwingi yuko Elwak. Mimi hubaki na mama yake, ambaye sote tunamwita Hooyo, yaani mama. Nyumba kubwa iko mbele. Jiko, zizi la mbuzi na chumba cha Hooyo viko nyuma, ng'ambo ya ua. Tulimwomba ahamie mbele akakataa, kwa sababu halali mbali na mbuzi wake.

Hooyo alikuwa na kitinda mimba, Liban. Alikuwa ameondoka kwenda Ulaya kwa njia ya jangwani kabla mimi sijaolewa, kwa hiyo sikuwahi kumwona, na picha yake tuliyokuwa nayo ilikuwa ya utotoni. Alikwama Libya. Kila alipopata nafasi alipiga simu ya video, na hapo ndipo shida yetu ilipokuwa. Intaneti ilifika nyumba ya mbele kwa waya, na kasi yake ilikuwa nzuri. Lakini waifai ikivuka ua na mabati ya zizi ilikuwa imekufa. Tulinunua kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachosukuma mawimbi mbele. Waifai ilifika kwa Hooyo, ndiyo, ila ilifika imechoka, na uso wa Liban ukawa vipande vipande.

Ramadhani iliyopita alipiga. Hooyo alitoka mbio akivuka ua, simu mkononi, na alipofika kizingitini kwangu ikakatika. Aliketi palepale chini.

"Nimemsikia akisema Hooyo," aliniambia. "Uso sijauona."

Bare akamuuliza fundi mmoja, naye akamwambia tuache kutegemea hewa. Tuvute kebo kutoka kwenye ruta, tuipitishe ardhini ndani ya paipu, kisha tuweke kifaa cha pili cha waifai chumbani kwa Hooyo. Kwa njia hiyo kasi ya mbele ingefika nyuma ileile. Bare alinunua vitu vyote akanitumia, na fundi akaahidi kuja Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri.

Siku hiyo, adhana haijalia, mtu akabisha. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani kikamfunika hadi mdomo, kama wafanyavyo watu wakati wa vumbi. Nikajua fundi amewahi. Nikamfungulia geti, nikalifunga tena kwa komeo.

"Assalamu aleikum, dumaashi," alinisalimia.

Dumaashi ni neno ambalo mwanamume humwitia mke wa kaka yake. Nilidhani ananiheshimu tu, au labda ni wa ukoo wa Bare. Wewe ungemuuliza?

Nilimwonyesha mahali pa kuchimba, akatikisa kichwa. Alikwenda kwenye kona ya jiko, akachimbua udongo kidogo kwa mikono, na mdomo wa paipu jeusi ukatokea. Aliniambia kuwa paipu hilo lilikuwa likipeleka maji kwa mbuzi kutoka nyumba ya mbele, na kwamba marehemu mzee, baba yake Bare, ndiye aliyelilaza. Miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kulisikia. Nikafikiri Bare ndiye aliyemwelekeza.

Alipitisha kebo, akaunganisha huku na kule. Nilipima kasi kwa simu yangu nikiwa mbele, nikaenda kupima mlangoni kwa Hooyo. Ilikuwa ileile, niamini. Nilifurahi mno. Akaniomba amsalimu mama, nikamwambia aingie, nami nikaenda jikoni kumchemshia chai. Nikiwa pale nilimsikia Hooyo akicheka. Tangu Ramadhani hakuwa amecheka.

Nilipopeleka chai nilimkuta peke yake. Geti lilikuwa bado limefungwa kwa ndani, na kulifikia ni lazima upite mbele ya mlango wa jiko. Nikamuuliza fundi yuko wapi.

"Fundi gani?" alisema. "Nilikuwa nazungumza na Liban. Leo nimemwona uso mzima, haukukatika hata kidogo. Mwanangu amekonda."

Nikamshukuru Mungu, nikachukua simu yake nione alipiga saa ngapi. Haikuwa na simu yoyote iliyoingia siku ile.

Alasiri fundi wa kweli akafika, akiomba radhi kwamba pikipiki ilimharibikia njiani. Alizunguka ua akiitazama kazi. "Mwalimu, kama ulikuwa umeita mtu mwingine ungeniambia tu," alisema.

Jioni Bare akapiga kutoka Elwak. Kijana aliyesafiri na Liban alikuwa amempigia Bare simu. Mashua yao ilizama baharini siku chache zilizopita. Yeye aliokolewa. Liban hakuonekana.

Bare aliporudi tulimwambia Hooyo pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza kwa upole kwamba tumedanganywa, kwa sababu Alhamisi walizungumza. Mpaka leo anasema hivyo. Watu walikuja kutupa pole, naye akawapa chai kama wageni wa kawaida. Simu yake haiishi chaji. Waifai ya chumba kile sasa ni nzuri kuliko ya majirani wote, na hakuna anayempigia.

Usiku ule aliporudi, Bare alikaa kwenye ua, mkono juu ya udongo pale kebo inapopita. Nilimsimulia yote, naye hakuniambia kwamba niliota. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli mdogo wake alikuwa amekonda. Nikamwambia hapana, alikuwa na afya njema. Mungu anisamehe, mifupa ya mikono yake ilionekana yote.

Kwa hiyo nakuonya. Kama una mtu wako njiani, na mgeni akafika mlangoni akakuita kwa undugu usioujua, acha kila kitu. Mwombe afunue uso umtazame. Muulize jina lake. Usikimbilie jikoni kama mimi.