Kompyuta ya Mama Vipimo

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Walimwita Mama Vipimo, kwa sababu kabla hujamaliza salamu mlangoni, jicho lake limeshakupima. Alikosea mara chache. Mimi aliniambia bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia, kwa ajili ya kubeba ngazi. Ni kweli. Mimi ni mpaka rangi.

Shule sikukaa. Herufi nazijua moja moja, zikiwa nyingi zinanipotea. Kwa hiyo alinitumia sauti. Miaka saba, kila siku ya kazi, simu inalia niko juu ya ngazi. Wenzangu wanasema, "Bosi huyo. Teremka." Nateremka, nafuta mkono kwenye suruali, nasikiliza. Chumvi imeisha. Wingu linakuja, funika makopo. Mambo hayo tu. Sikuwahi kusikiliza moja mara mbili. Ya nini, na mwenyewe yuko nyumbani?

Alianguka mbele ya cherehani, Jumanne, simu yake ikapasuka sakafuni. Asubuhi yake alikuwa amenitumia sauti. Mikono yangu ilijaa rangi, nikasema nitaisikiliza mchana. Mchana nilikuwa hospitali. Nikamzika sijaifungua. Miezi mitano sikuigusa, wala zile za nyuma. Niliogopa.

Halafu simu ikaanza kujizima. Fundi simu aliifungua, akaichungulia, akasema imechoka ndani, hakuna spea itakayoisaidia, nihamishe vyangu mapema. Changu kilikuwa kimoja, sauti yake.

Binti yetu anafanya kazi mbali. Akasema nitumie kompyuta ya mama. Aliinunua mwenyewe, mtumba, aandike vipimo vya wateja. Ilikuwa nzito. Ukiiwasha, unamaliza kupaka mlango rangi mkono wa kwanza nayo haijafunguka. Binti akaniomba nimngoje, anakuja baada ya wiki mbili, tutaishughulikia pamoja. Nikamjibu simu haijui likizo yake.

Nikaifunga kompyuta kwenye kanga ya marehemu, nikaipeleka kwa fundi kompyuta. Mama wa makamo, chumba chake kiko nyuma ya duka la mbao, kila kitu mezani kina vumbi la randa. Mke wangu alimshonea sare za watoto. Alinipa pole, akanipa chai, akachomeka waya. Kompyuta haikuiona simu. Akajaribu tena. Haikuiona.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayenionyesha rangi za kuchagua. Kompyuta ina mfumo unaoiendesha. Wa hii ni Windows ya zamani, watengenezaji wameshaiacha. Mpya ni nzito, mashine haitaiweza. Mfumo wa pili ni wa kompyuta zinazoelewana sana na simu, lakini simu za ukoo wao tu, yangu si ya ukoo huo. Wa tatu unaitwa Linux. Mwepesi, wa bure, una programu ya kuiunganisha na simu kama yangu, hata waya hauhitaji. Yeye mwenyewe anautumia. Akageuza kompyuta yake nikauona.

Nilimuuliza swali moja tu. Upi utaishika sauti isipotee?

"Wote wataishika, mzee wangu. Ila huu ndio utakaoiona simu leo."

Nikasema huo.

Akaweka mkono juu ya kompyuta, hakubonyeza.

"Nikiuweka nafuta kila kitu. Humu kuna cha kubaki?"

Nikamwambia ni vipimo vya wateja.

"Una hakika? Nikifuta hakirudi."

"Mshonaji hayupo. Futa."

Alifuta. Haikuchukua muda. Nilikuwa nimezoea kazi ya kupaka: ukitaka rangi ikamate, lazima ukwangue ya zamani kwanza. Niliona ni jambo la kawaida.

Ikawaka upesi. Simu ikaonekana. Sauti zikaanza kuhama, akazihesabu, kumi na nne. Nikamwambia hesabu vizuri, ni miaka saba. Akatazama ndani ya simu yenyewe. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya wiki tatu kabla ya kifo. Nyuma yake hakuna kitu. Akasema labda tuifungue ya mwisho. Nikakubali.

"Baba, simu yako ilikuwa imejaa tena, ndiyo maana inagoma. Nilikusafishia juzi ulipolala. Sauti zote za nyuma nimeziweka kwenye kompyuta kupitia simu yangu kama siku zote, nimekuachia za karibuni tu. Ziko na vipimo, faili lenye jina lako. Na usishike tina ya kuyeyushia rangi mkono mtupu, kile kidonda hakijafunga."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alifika chai haijapoa.

Fundi alifunga mlango wa chumba chake, akakaa na ile kompyuta siku mbili, ana programu ya kufukua vilivyofutwa. Alifukua namba. Kiuno, kifua, urefu wa mkono, za watu wasio na majina. Sauti hakupata hata moja. Malipo alikataa, na mimi sikumlaumu. Aliniuliza mara mbili.

Binti alipopiga, aliuliza kama simu na kompyuta vinaelewana. Nikasema vinaelewana. Akauliza sauti je. Nikamwambia yote, hadi lile neno nililosema, futa.

"Nitumie hiyo ya mwisho, baba."

Nikamtumia ile ya kidonda. Hakunijibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi, niko juu ya ngazi, simu ikalia. Miaka yote yeye ni mtu wa kuniandikia, mama yake ndiye aliyekuwa akinisomea. Safari hii alituma sauti. Ilikuwa fupi. Aliuliza kama nimekula.

Hakuna aliyeniambia teremka. Niliteremka, nikafuta mkono.