Zumari la Feruzi na Wanawake wa Chole

Wajukuu wangu husokota kuti bichi la mnazi likawa kama pembe, wakalibana kwa mwiba, kisha wakapuliza. Sauti inayotoka ni mbaya, kama ya mbuzi aliyekabwa, na watu wazima huwafukuza wakapige kelele zao mbali. Mimi siwafukuzi. Mara nyingine huniona nimeacha kupeta mchele, ungo uko mapajani, wakadhani bibi amesinzia. Sisinzii. Huwa niko kisiwani Chole, enzi za Wadachi, nimekaa karibu na mama yangu, na Feruzi anapiga.

Feruzi alikuwa mpiga zumari, na alikuwa mtumwa. Bwana wake alikuwa na mashamba ya minazi ng'ambo, kwenye kisiwa kikubwa, na alimkodisha kwenye harusi na sherehe za jando huku na huku. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mashavu yaliyolegea. Akianza kupiga, mashavu yale yalijaa yakawa mviringo kama maboga, na sisi watoto tukacheka. Hatukucheka kwa muda mrefu. Pumzi yake ilikuwa haikatiki. Ungengoja avute hewa, na yeye haivuti, mpaka wewe mwenyewe unajikuta umebana yako kifuani.

Mama hakuwa mtu wa ngoma. Alimjua Feruzi mwaka aliofiwa na mdogo wangu, mtoto wa kiume ambaye homa ilimchukua kabla hajaanza kutambaa. Baada ya mazishi mama hakulia. Wanawake walikuja, wakamwambia amshukuru Mungu, atampa mwingine, naye aliitikia kwa kichwa. Wakiondoka, alichukua fagio akaufagia ua ambao tayari ulikuwa safi. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka yakilowesha kaniki yake. Baba alikuwa anamwangalia na kurudi kwenye tanuri lake la chokaa.

Alasiri moja palikuwa na harusi mtaani, na msafara wa bwana harusi ulipita mbele ya nyumba yetu. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Zumari lilipofika mlangoni mwetu, mkono wake ulisimama. Akainuka, akatoka nje na kifuu mkononi, kichwa wazi, akaufuata msafara huku analia kwa sauti. Nilimkimbilia nikamshika nguo. Watu waligeuka kumtazama, wengine wakanong'ona kuwa akili imemruka. Feruzi naye alimwona. Hakuacha kupiga. Alipunguza mwendo tu, akakirudia kile kipande alichokuwa akikipiga, akakirudia tena, mpaka mama alipochoka kulia akakaa chini kando ya njia.

Kuanzia siku ile mama alikuwa mfuasi wa zumari la Feruzi, kama walivyokuwa wanawake wengine wa Chole. Kiongozi wao alikuwa Bi Mwatima, mjane aliyeuza samaki wa kukaanga na mwenye sauti ya kuita mtu aliye baharini. Walijua Feruzi anapiga wapi na lini. Walizijua nyimbo zake zote, wakiziimba jikoni bila maneno, kwa la la la, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Walikuwa na ugomvi mkubwa na wapenzi wa mpigaji mwingine wa upande wa kaskazini, wakisema yule anapuliza kama anayepoza uji. Binamu yake mama alipomwalika mpigaji huyo kwenye harusi yake, mama alisema, "Nitakwenda kula wali, lakini masikio nitayaacha nyumbani." Na kweli alikula wali akarudi.

Baba alikuwa akimtania. "Wanaume wenzangu huibiwa wake na mabaharia," aliwaambia wageni. "Mimi wangu kaibiwa na kipande cha mti." Lakini alikuwa anafurahi, maana mama alikuwa amerudi kuzungumza, na ua haukufagiliwa tena mara mbili.

Kisha ugonjwa ukaja. Ulikuja polepole hata sijui ulianza lini. Mama ndiye aliyetambua kwanza, kwenye harusi moja, pale sauti moja ilipotoroka mahali ambapo haikupaswa kuwepo. Aliniminya bega. Nilitazama nikaona kidole kidogo cha Feruzi kimejikunja, hakifiki kwenye tundu. Baadaye nilisikia wakisema kwamba alikuwa ameshika kaa la moto jikoni kwa bwana wake, na harufu ya nyama ndiyo iliyomwambia kuwa anaungua. Jina la maradhi yale halikutajwa mbele yetu watoto. Walisema maradhi makubwa, wakatazama pembeni.

Vidole vingine vilifuata. Harusi zikapungua, kisha zikakoma. Ijumaa moja, watu wakitoka kuswali, bwana wake alisimama nje ya msikiti akatamka mbele ya mashahidi kwamba amemwacha Feruzi huru kwa ajili ya Mungu. Waliokuwapo walimwombea kheri, wakasema ndivyo Mwislamu anavyotakiwa kuwa. Mimi nilikimbia nyumbani nikampa mama habari ile kama zawadi. Mama alikuwa anasafisha samaki. Hakuniuliza hata nimeisikia wapi. Aliendelea kuparua magamba mpaka yule samaki akabaki hana ngozi.

Haikupita muda, wazee wa mji wakakubaliana na jumbe kuwa Feruzi asikae kati ya watu. Wakamjengea kibanda cha makuti kwenye kisiwa kidogo cha mawe, kisicho na kisima, ambacho wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana mara mbili kwa mwezi, unakifikia kwa miguu. Mwanzoni chakula na maji vilipelekwa na kuachwa juu ya jiwe, kisha wapelekaji wakapungua. Uhuru wake aliumalizia pale.

Wanawake wa Chole huenda pwani maji yakitoka, wakaokota chaza na kutafuta pweza kwenye mwamba. Hakuna mume anayeuliza. Kwa hiyo Bi Mwatima, mama na wenzao walibeba vikapu vyao na vyuma vya pweza, na chini ya vikapu walificha vibuyu vya maji, mihogo ya kuchemsha na tumbaku. Mara ya kwanza waliponichukua, nilitembea nikiwa nimeshika nguo ya mama, matumbawe yakinichoma nyayo, na nilidhani tunakwenda kuona kitu cha kutisha.

Feruzi alikuwa amekaa kivulini mwa kibanda. Uso wake ulikuwa umevimba, nyusi zimeondoka. Mama alinisukuma mbele kidogo.

"Msalimie," akasema.

Sikujua nimsalimie vipi. Mtoto wa muungwana hakuwa akimwamkia mtumwa, hata awe mzee kiasi gani. "Shikamoo," nikasema.

Aliinua uso akanitazama. Kisha akaitika, "Marahaba, mwanangu," na akainama akaanza kutafuta zumari lake kwenye mkeka, ingawa lilikuwa pale pale mbele yake.

Wanawake walikaa kwenye mchanga, mbali naye kama upana wa ua wa nyumba. Alilishika zumari kwa viganja zaidi kuliko vidole. Pumzi ilikuwa ile ile, haikatiki, lakini nyimbo zilikuwa zimejaa mapengo. Sauti ilipanda, ikafika mahali, ikapotea kwa sababu pale palitaka kidole ambacho hakikuwapo. Nilimtazama mama nione kama amechukia. Mama alikuwa amefumba macho, na pengo lilipofika, akaliimba. Bi Mwatima akaimba lililofuata. Kisha wote wakaingia, kila zumari liliposhindwa wao wakashika, likipata nguvu wakanyamaza wakaliachia. Hakuna aliyekuwa amewapanga. Nyimbo zile walikuwa nazo miaka mingi jikoni, na sasa walikuwa wanamrudishia mwenyewe kipande kwa kipande.

Tulikwenda kila bamvua. Siri ya namna ile haikai Chole. Watu wakaanza kupita mbali na mlango wetu, na asubuhi moja vitumbua vya mama vilirudi vyote kwenye sinia, baridi, hakuna aliyenunua hata kimoja. Baba alilitazama lile sinia, akauliza mara moja tu.

"Ni kweli mnakwenda kule?"

"Ni kweli, Baba Zuhura."

"Na mtoto unakwenda naye?"

Baba alinivuta, akanipandisha mikono ya gauni, akaitazama ngozi yangu mbele na nyuma. Chokaa iliyokuwa kwenye viganja vyake ilinikwaruza. Alikuwa anatetemeka, na kwa kuwa sikuwahi kumwona anatetemeka, nilianza kulia.

"Nimeshazika mmoja," akamwambia mama. "Ukienda tena, usirudi hapa."

"Mtoto simchukui tena. Hilo una haki nalo."

"Nawe usiende."

"Kule hakuna maji," mama akasema. "Nisipokwenda mimi, na Mwatima akikatazwa na wanawe, atakunywa nini?"

"Watu wengine watampelekea."

"Watu gani?"

Shangazi yangu, Bi Mize, aliyekuwa akiishi nasi, alisema kutoka chumbani kwamba mwanamke anayemfuata mtumwa kisiwani si mtu wa kuoneana naye haya. Mama hakumgeukia.

Bamvua iliyofuata alichukua kikapu chake mchana kweupe, bila kuficha kibuyu. Aliporudi, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alimpa talaka pale pale, mbele ya shangazi, kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi. Mashua ya jamaa zake ilikuja kumchukua kwenda kwao, kisiwa cha Jibondo, ambako na kwenyewe maji ya kunywa huletwa kwa mashua. Mimi nilibaki kwa baba. Mama alinikumbatia kwa muda mfupi, akaniambia nimtii shangazi. Nilimchukia Feruzi siku ile kuliko nilivyowahi kuchukia kiumbe yeyote. Niliona ameniibia mama yangu, na wala hapigi vizuri tena.

Yaliyompata mama yaliwaogopesha wengine. Waume wakakataza, vikapu vikapungua, mwisho akabaki Bi Mwatima peke yake. Ndiye aliyemkuta Feruzi amekufa, mdomo umekauka, maana bamvua iliyotangulia Bi Mwatima mwenyewe alikuwa anaumwa mguu na hakuweza kwenda.

Alirudi akipita mlango kwa mlango, akiwaomba wanaume wakamzike. Wanawake wasingeweza; mwanamume huoshwa na wanaume na kubebwa na wanaume. Huyu alikuwa na safari, yule ana kifua, mwingine alisema bwana wake wa zamani ndiye anayepaswa. Bwana wake wa zamani alipeleka sanda, hakupeleka mtu. Bi Mwatima alipofika kwetu hakuomba. Alikaa kizingitini, ile sauti yake kubwa imekwisha.

Baba alikuwa anakula. Alinawa mikono, akachukua mtaimbo wake wa kuvunjia matumbawe na jembe, akatoka. Shangazi alimfuata mpaka njiani akimlaani na kumsihi. Hakugeuka. Alikwenda na mwadhini, mzee ambaye hakuwa na mtu nyumbani wa kumwogopea. Jiwe lile ni gumu, na nadhani ni yeye tu Chole nzima aliyejua namna ya kulivunja. Aliporudi alizichoma nguo zake nyuma ya tanuri, na kwa muda mrefu hakuniruhusu nimsogelee.

Nilipopelekwa Jibondo kumwona mama, nilimsimulia yote. Alikuwa anashona mkeka, na hakuacha kushona.

"Ni nani aliyemwosha?"

"Baba."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake."

Aliuweka mkeka chini akakaa ameutazama. Sasa atarudi nyumbani, nikawaza, maana kwa hesabu yangu ya kitoto kosa lilikuwa limefutika. Hakusema chochote kuhusu kurudi. Nikakasirika, nikamwambia neno nililokuwa nimeliweka siku nyingi, kwamba Feruzi alikuwa hajui kupiga tena na wao walikuwa wanajifanya hawasikii.

"Nilikuwa nasikia," mama akasema. "Mimi ndiye niliyesikia kabla ya wote."

Baba hakumfuata na mama hakurudi. Eda ilikwisha, na kila mmoja alikaa upande wake mpaka uzee. Lakini sikumsikia mama akimtaja baba kwa ubaya, wala baba hakuoa.

Kuhusu uhuru wa Feruzi nilikuja kuelewa nikiwa bado msichana: alipewa siku ambayo kumlisha kulikuwa kumezidi kazi yake. Mengine yalichukua miaka. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu ndipo siku moja, mmoja wao akiwa na homa, nikajikuta nimempandisha mikono ya nguo namkagua ngozi, mikono yangu ikitetemeka vile vile kama ya baba. Na nilikuwa nimeshakaa na huzuni ambayo hakuna aliyepita njiani kuilia, kama zumari la Feruzi lilivyoilia ya mama, ndipo nikajua mama alikuwa anakipelekea nini kile kisiwa pamoja na maji. Utotoni niliamini kwamba kati ya wale wawili mmoja alikuwa na kosa, na sehemu kubwa ya maisha yangu ilikwenda nikimtafuta ni yupi, huku nikipanda mashua kutoka Chole kwenda Jibondo na kutoka Jibondo kurudi Chole, nimebeba salamu ambazo hakuna aliyenituma.