Mkono Usiochagua

Siku hizi naongoza zamu kwenye chumba cha kuandaa sampuli, katika mgodi mmoja wa Geita, na vijana wakinipa shikamoo naitika marahaba bila aibu. Lakini mle ndani niliingia na fagio. Miaka miwili nilipiga deki chini ya mashine za kusagia mawe, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, na mafundi wakinyanyua miguu nipite bila hata kunitazama. Walikuwa wananiudhi, nisiwe mnafiki.

Kilichonitoa ni huu mdomo wangu. Nimekulia Rwamgasa, mayu, mama yangu, akiponda mawe kwa nyundo na mimi mwanawe nikiponda pembeni yake, kwa hiyo nikiona jiwe siwezi kunyamaza. Nadeki huku namwambia fundi hilo halina kitu, lile pale ndilo lenye dhahabu. Wao walicheka. Mkuu wa maabara, mama mfupi wa Ushirombo anayepiga ishara ya msalaba kila anapofungua tanuru, alinisikia na hakucheka. Kampuni ilipotangaza kwamba itasomesha vibarua wawili wawe mafundi, aliniletea fomu mwenyewe. Nikamwambia, mama mkuu, mimi kidato cha nne nilipata daraja la nne, utaaibika bure. Akanipa kalamu.

Na kweli walinisomesha. Wiki sita chuoni Shinyanga mjini, chumba cha Ngokolo wamelipia wao, halafu niliporudi mkuu akawa ananifundisha kila siku baada ya zamu, hata siku ambazo alionekana kabisa amechoka. Mwenzangu alikuwa baba mmoja wa Mhunze, mbeba magunia, mpole, anayeandika kila neno kwenye daftari. Ilibaki mtihani wa vitendo. Fagio langu alikuwa ameshapewa mtu mwingine, kwa hiyo nikifeli nilikuwa narudi Rwamgasa kuponda mawe.

Siku ya mtihani tulipewa gunia moja la mawe yaliyovunjwavunjwa. Unayamwaga, unayachanganya, unayarundika, unalikata lundo vipande vinne kama ugali. Viwili vinavyotazamana ni vyako, viwili vya mwenzako. Kila mmoja anasaga vyake, vinapimwa dhahabu, na majibu yanatakiwa yakaribiane. Kugawa niligawa mimi, mwenzangu akiwa ameenda kuosha vyombo.

Sasa, kwetu Rwamgasa jiwe la kumpelekea mnunuzi unalichagua. Kumpelekea lolote tu ni dharau, ni kama kumwandalia mgeni kiporo. Nilikuwa nimefundishwa wiki sita kwamba maabara haichagui, na nilijibu hivyo hivyo kwenye karatasi. Lakini mkono ulijinyoosha wenyewe. Nikayahamishia upande wangu mawe matatu, manne, yale yenye kutu ambayo ndiyo hubeba dhahabu, nikarudisha meupe upande wa pili, na wallahi moyoni nilijiona fundi hodari.

Kesho yake majibu yalitoka. Langu lilikuwa juu sana, la mwenzangu karibu na sifuri. Nilikaribia kupiga vigelegele. Kisha nikawaona walinzi wakielekea kwenye kabati lake, maana gunia ni moja na dhahabu haipotei hivi hivi. Walidhani ameiba. Yule baba alisimama ameshika daftari lake kifuani, jasho linamtoka. Nikajua nikinyamaza nimepata kazi, na yeye amekwisha.

"Ni mimi," nikamwambia mkuu. "Niliyachagua mawe. Hajaiba mtu."

Aliwazuia walinzi. Akaniuliza niliyachagua kwa chombo gani, nikamwambia kwa macho. Hakuniamini. Akamwaga gunia jingine mezani, akaniamuru nichague mbele yake, na akakaa hadi mawe hayo yakapimwa. Majibu yakawa juu vile vile. Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, naomba msamaha kwa yule baba, naye ananiambia basi, basi dada, yameisha.

Mkuu alinifokea, ohoo, alinifokea hasa. Alisema kwa sampuli kama yangu kampuni ingechimba mlima mzima na kukuta udongo. Nikaanza kuvua koti la maabara.

"Rudisha koti," akasema. "Macho unayo. Mkono ndio haujasoma."

Akaenda ofisini kuniombea mwezi mmoja zaidi wa mafunzo. Sijui aliwaambia nini, ila najua alitoka amekunja uso na karatasi imeshapigwa mhuri. Mwezi mzima akanigawisha mawe asubuhi na jioni, tena mengine amenifunga kitambaa machoni, na yule baba wa Mhunze, ambaye alirudia mtihani na tayari alikuwa fundi, alikuwa akija kunichanganyia lundo.

Mtihani wangu wa pili walisimama wote wawili mezani. Nikachanganya, nikarundika, nikakata vinne. Kwenye kipande kisicho changu palikuwa na jiwe, jamani, jiwe la kutu lenye vidoa, jiwe ambalo mayu angeacha chakula alikimbilie. Niliuma meno. Mkuu alikuwa analitazama pia, kisha akanitazama mimi. Nikakusanya vya kwangu kwenye sinia, nikaliacha pale pale lilipo, na nikamsikia nyuma yangu akifungua kalamu.