Agyapong na Miguu Isiyosikia Kamba

Kumepambazuka tu, na Yaw Agyapong amekwisha kaa kwenye kitanda chake cha kufumia, mwisho wa banda, upande unaopata upepo. Anavua ndala, anaziweka kando, kisha anainama kutafuta kamba za chini kwa macho. Anashika kidole gumba cha mguu wa kulia kwa mkono na kukipachika kwenye kamba, kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Halafu mguu wa kushoto.

Wafumaji wengine wa kente, vitambaa vya sherehe vya Ghana, hapa kijijini Adanwomase hawatazami chini. Kamba hizo zina vifungo vya mpira mwishoni, na hubanwa katikati ya vidole vya miguu. Mguu ukivuta, nyuzi zinafunguka, mkono unapitisha uzi. Mguu ndio unaojua zamu ni ya kamba gani. Agyapong alifundishwa na mjomba wake akiwa bado mdogo. Sasa ana miaka arobaini na tisa, na miguu yake haisikii kamba.

"Nikikanyaga mwiba nauona jioni nikioga," anasema, akicheka. "Anayelia ni mke wangu, si mimi."

Ganzi hiyo imeletwa na figo zilizoshindwa kazi. Presha ilimpanda kwa muda mrefu, naye akawa anasema ni jua tu. Aliyeshtuka kwanza ni Boaten, rafiki yake anayefumia kitanda cha jirani, alipoona kamba zimeacha mashimo kwenye vidole vya mwenzake, na mashimo yenyewe hayafutiki.

"Nikamuuliza, bwana wewe, umenenepa miguu peke yake? Huo unene wa wapi?" anakumbuka Boaten.

Tangu hapo Agyapong huenda Kumasi kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu kwa mashine. Kikao kimoja kinakula zaidi ya anachopata kwa kufuma wiki nzima, kwa hiyo ukoo wa mama yake na watu wa kanisani huchangishana.

Ugonjwa huu haukai peke yake. Damu hupungua, akipanda ngazi mbili tu anatweta. Ngozi humwasha mpaka anajikuna kwa mgongo wa kisu cha kukatia nyuzi. Mifupa inauma. Mkono wa kushoto, mahali madaktari walipounganisha mishipa yake kwa ajili ya mashine, hauruhusiwi kubeba kitu kizito, na ukiugusa unatetemeka kwa ndani. Boaten huuwekea sikio na kutangaza kwamba nyuki bado wamo.

Nyumbani, mkewe Serwaa huchemsha ndizi na viazi vikuu, akamwaga maji, akachemsha tena, ili madini yanayosumbua moyo yapungue. Chumvi ameificha. Maji ya kunywa humpimia kwa kikombe kidogo. Agyapong hulalamika kila mlo, na kila mlo humaliza.

Mwaka huu Afrakoma, binti wa marehemu dada yake, aliposwa. Agyapong ndiye aliyemlea, na mjomba mfumaji hawezi kumvalisha mpwa wake kente iliyofumwa na mtu mwingine. Watu wangesema mpaka wachoke. Mvua zilipoanza alitandika nyuzi.

Kente hufumwa vipande vyembamba virefu, kisha vinashonwa pamoja. Siku moja Boaten alichungulia kipande kilichokuwa kikitoka, akaona mahali, upana wa kiganja, ambapo maua yametoweka. Mguu ulikuwa umevuta kamba isiyo yake. Alipomwonyesha, Agyapong alisema uzi ndio mbovu, akageuza uso.

Ijumaa iliyofuata hakwenda Kumasi. Alimwambia Serwaa kwamba mashine imeharibika, akashinda bandani akifumua na kufuma upya. Joto lilikuwa kali, akanywa maji kama mtu mwenye afya. Jumapili, katikati ya ibada, pumzi ilimkatikia. Alipolala chini ilizidi. Alibebwa mpaka hospitali akiwa amekalishwa wima, mapafu yamejaa maji na moyo unachechemea. Muuguzi Dufie, anayemhudumia siku zote, alimweleza Serwaa bila kuficha kwamba wangechelewa hadi jioni wangekuja na jeneza.

Alipozinduka alimkuta Afrakoma kando ya kitanda. Binti hakulia wala kumbembeleza.

"Mjomba, nikiivaa hiyo kente kwenye mazishi yako, nitakuwa nimeolewa au nimefiwa?"



Afrakoma mwenyewe aliwapelekea wakwe ujumbe kwamba sherehe itangoja kente, na kente itangoja mashine. Wakwe walinung'unika kidogo, kisha wakaja kumwona mgonjwa na trei ya mayai. Dufie alifurahi kuliko mgonjwa, kwa sababu ute wa yai unamfaa.

Boaten naye alikuja na lake. Alitoboa vizibo vya soda, akavifunga kwenye kamba zinazofuma maua tu, ili mguu usiposikia, sikio lisikie. Agyapong alinuna siku mbili. Alisema hafumi ngoma. Siku ya tatu alipachika vidole, akavuta, vizibo vikalia, akavuta kamba nyingine, kimya. Tangu hapo maua hayajapotea tena.

Leo ni Ijumaa. Kipande kinachofumwa ndicho cha mwisho, na kimebaki kidogo sana. Angekaa mpaka adhuhuri angekimaliza. Gari la Kumasi linapiga honi barabarani. Serwaa amesimama mlangoni mwa banda na mfuko wa chakula, anamtazama.

Mkono wa Agyapong unapitisha uzi mara moja zaidi. Kisha anainama na kuchomoa vidole kwenye kamba, kimoja kimoja.

"Ukigusa uzi wangu nitajua," anamwambia Boaten.

"Utajuaje, na miguu yenyewe haikwambii neno?"

Banda zima linacheka, na yeye pia. Anafunika nyuzi kwa kanga kuukuu ya mkewe, anavaa ndala akizitazama ili zisimtoke, anamshika Serwaa bega.

Anapoulizwa anataka nini siku ya sherehe, hafikiri sana.

"Nataka nimvike Afrakoma kente yake nikiwa nimesimama," anasema. "Kukaa nimekaa vya kutosha, huku kwenye nyuzi na kule kwenye mashine. Siku hiyo wasiniletee kiti."